Vipimo vya joto na pH kwenye tangi langu havikubaliani hata kidogo. Niamini kipi?

NkejjeWaNtinda (mleta mada)
Salaam wadau. Nina tangi la lita 200 sebuleni, Ntinda, Kampala. Ndani wamo nkejje (samaki wadogo wa Ziwa Victoria), guppy kadhaa, mimea kiasi, filta ya nje na hita ya wati 200. Nimefunga kidhibiti chenye probu mbili, ya joto na ya pH, nilikinunua kikiwa kimeshatumika. Pembeni nina kalamu ya pH ambayo inaonyesha na joto, kipima joto cha kioo, na chupa ya matone ya kupimia pH.

Leo saa nne asubuhi, vyote kwa pamoja:
Kidhibiti: nyuzi 28.4, pH 6.4
Kalamu: nyuzi 26.2, pH 7.5
Kioo: nyuzi 26
Matone: rangi iko kati ya 7.0 na 7.4

Samaki wanakula vizuri, hakuna anayehema juu ya maji. Nadharia yangu: ugonjwa ni mmoja tu. Probu ya joto inadanganya, na kwa vile kidhibiti hurekebisha pH kwa kufuata joto, basi na pH inaharibika. Nikibadilisha probu ya joto vyote viwili vitapona. Mnasemaje?

FundiRedio
Usinunue chochote bado. Chomoa hita, kisha pampu, kisha taa, kimoja kimoja, huku jicho liko kwenye namba ya pH. Ikiruka pale unapochomoa kifaa, umepata mwizi. Probu ya pH inasoma milivolti, na pH moja ni kama milivolti 59 tu. Tofauti yako ya 1.1 ni milivolti 65. Umeme mdogo kiasi hicho hita yoyote iliyochoka inaweza kuumwaga majini bila wewe kuhisi kitu ukitia mkono.

DadaWaEntebbe
Naweka kambi hapa. Na mimi vyangu vinagombana hivyohivyo, nilishaamua kuamini kile kinachonipa namba nzuri 😂

MwalimuKemia
Mleta mada, nadharia yako inasikika vizuri ila hesabu inaikataa. Marekebisho ya joto yanagusa mteremko wa elektrodi (probu ya pH) peke yake: milivolti 59.16 kwa kila pH katika nyuzi 25, kama 61.5 katika nyuzi 37. Mteremko huo unafuata joto la Kelvin, kwa hiyo kosa la nyuzi 2.4 juu ya 298 halifiki hata asilimia moja. Na asilimia hiyo inahesabiwa kuanzia pH 7, ambako elektrodi hutoa sifuri. Wewe uko 6.4, umbali wa 0.6. Asilimia moja ya 0.6 ni 0.006. Kidhibiti chako hakionyeshi hata hiyo tarakimu.

Una matatizo mawili tofauti yaliyokutana kwenye kisanduku kimoja. Yatafute mbalimbali.

MzeeWaBwaise
Mwalimu amemaliza. Mimi nauliza jingine: hita ya nini Kampala? Ziwa lenyewe juu lina nyuzi 24 mpaka 27 hivi, na nkejje wametoka humohumo. Chomoa hita, uza hita, nunua chakula cha samaki.

KabaleBaridi
@MzeeWaBwaise semea Bwaise. Huku kwetu tuko karibu mita 1,900 juu, usiku tangi bila hita linashuka mpaka guppy wanalala chini. Msituchanganye wote pamoja.

NkejjeWaNtinda
Mzee, guppy ni wa binti yangu, hita ni amri ya juu. @MwalimuKemia nimeelewa, japo umenivunja moyo. Joto lina tofauti zaidi ya nyuzi mbili, pH zaidi ya moja, na hazihusiani?

Mvuvi_Jinja
Probu zimekaa wapi? Watu hutundika probu ya joto palepale karibu na hita kwa sababu waya mfupi. Hapo unapima hita. Na kama kona hiyo inapigwa jua la asubuhi kupitia dirishani ndiyo kabisa. Funga zote tatu kwa mpira mmoja wa noti, ncha zikiwa sambamba, katikati ya tangi mbele ya mkondo wa filta, ngoja nusu saa, soma tena. Usilinganishe vipimo vilivyokaa vijiji tofauti.

Boda_wa_Samaki
Chemsha maji, tumbukiza kipima joto, kikisoma 100 ni kizima. Rahisi.

MwalimuKemia
@Boda_wa_Samaki utatupa kipima joto kizima. Kampala iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari na maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi. Kabale yanachemka chini ya hapo. Isitoshe, nyingi za probu hizi za matangi hazikutengenezwa kuingia maji yanayochemka, gundi ya ndani inaachia. Tumia barafu. Ponda barafu ijae kikombe, ongeza maji kidogo iwe uji mzito, koroga, subiri dakika chache. Hapo ni sifuri, uwe Mombasa au juu ya Rwenzori.

KabaleBaridi
Ndiyo maana maharage huku yanakula kuni mpaka mke ananuna.

Nesi_Mulago_Zamani
Kwa upande wa joto la juu, kuna njia ya nyumbani. Kipima joto cha homa, kile cha kidijiti cha famasia, kimesawazishwa vizuri kati ya 35 na 42. Weka maji ya uvuguvugu kwenye bakuli kubwa, koroga, linganisha na probu zako kwenye 37. Mkiungana na barafu ya Mwalimu mtakuwa na nukta mbili.

DadaWaEntebbe
@Nesi_Mulago_Zamani halafu tukirudishe kwenye droo ya dawa za watoto? 🙈

Nesi_Mulago_Zamani
Kifute kwa spiriti. Maji ya bakuli nimesema, sijasema ya tangi.

Kigoma_Tropheus
Habari za huko majirani, nachungulia kutoka Tanzania. Hakuna aliyetaja maji yenyewe. Nyie mnatumia maji ya Ziwa Victoria, maji laini, konduktiviti yake (uwezo wa kupitisha umeme) ni karibu mikrosimensi 100. Ziwa letu, Tanganyika, ni kama 650, pH inakaa karibu na 9. Huku probu ikiingia inatulia haraka. Kwenye maji laini elektrodi huyumba, kwa sababu chumvi ya ndani na maji ya nje zimetofautiana sana pale kwenye kizibo chenye vinyweleo. Kalamu yako unaipa muda gani kabla ya kusoma? Ukiitoa baada ya sekunde kumi, namba yako haijafika.

NkejjeWaNtinda
Naipa mpaka namba iache kucheza, dakika moja hivi. Nitaiongezea.

SimbaWaMbale
Probu ya pH imekufa. Imenunuliwa imeshatumika, mnatafuta nini kingine? Maisha yake ni mwaka mmoja mpaka miwili hata ikitunzwa. Muuzaji aliihifadhi kavu sandukuni. Nunua mpya, uzi ufungwe.

MwalimuKemia
@SimbaWaMbale inawezekana ila angalia upande. Kioo cha elektrodi kikichoka, au unyevu ukiingia kwenye soketi ya waya, masomo huvutwa kuelekea 7, kwa sababu milivolti zinapungua kuelekea sifuri. Kama maji ni 7.5 kweli, probu iliyochoka kioo ingesema 7.2 au 7.1. Isingevuka 7 ikaenda 6.4. Ili ivuke, ama sifuri yake imehama, yaani upande wa rejea umechafuka, ama kuna umeme wa nje kama anavyodai FundiRedio, ama maji si 7.5 kabisa.

SimbaWaMbale
Sawa, basi imekufa upande wa rejea. Bado imekufa.

FundiRedio
😂😂 Simba hakubali kutoka pangoni.

NkejjeWaNtinda
Nimerudi na matokeo. Yaka (umeme wa kulipia kabla) iliisha jana jioni katikati ya kazi, ndiyo sababu mmengoja.

Kwanza nimefunga ncha zote pamoja kama alivyosema Mvuvi. Kidhibiti 28.5, kalamu 26.2, kioo 26. Hakuna kilichobadilika, kwa hiyo si ukaribu na hita.

Barafu: kioo 0, kalamu 0.2, kidhibiti 2.3.

pH: nilipochomoa hita, kidhibiti kiliruka kutoka 6.4 hadi 6.9 papohapo. Pampu na taa havikubadilisha kitu. Kalamu haikutikisika, ilibaki 7.5.

FundiRedio
Nilisema! Pointi nane za 0.1... hapana, tano. Nusu ya ugomvi ni hita. Kalamu haitikisiki kwa sababu inatumia betri, haijaunganishwa na ukuta kwa vyovyote. Kidhibiti kimechomekwa kwenye soketi ileile, umeme unazunguka kutoka hita kupitia maji, probu, hadi kwenye adapta. Tupa hita hiyo leo. Nyufa za glasi ya hita wakati mwingine huzioni mpaka uikaushe na kuiangalia juani.

Umeme_Jua_Lira
Nunua fimbo ya titani ya kuweka majini, iunganishe na erthi, matatizo yote yanaisha. Naitumia.

FundiRedio
@Umeme_Jua_Lira polepole na ushauri huo. Erthi ya nyumba nyingi za kupanga ni tundu tu kwenye soketi, nyuma hakuna waya uliofika ardhini. Halafu ukiweka erthi majini bila swichi ya kukata umeme unaovuja, ile ya miliampea 30, umeme wa hita mbovu unapata njia ya kudumu ya kupita ndani ya tangi, namba yako inakuwa nzuri na hita mbovu inabaki kazini. Swichi kwanza, fimbo baadaye, kama bado unaitaka.

Umeme_Jua_Lira
Kwangu nilipima kwa multimita kati ya maji na erthi nikapata volti 40. Baada ya fimbo, sifuri. Samaki wametulia.

FundiRedio
Volti 40 kwa multimita ya kidijiti mara nyingi ni kivuli. Ukinzani wake wa ndani ni mkubwa, inaokota umeme unaopenya kutoka pampu bila kuguswa na waya wowote. Pampu nzima kabisa inaweza kukuonyesha hivyo. Haimaanishi samaki walikuwa wanapigwa shoti.

Umeme_Jua_Lira
Kivuli hakitulizi samaki bwana.

Mvuvi_Jinja
Turudi kwenye barafu. Kosa la kidhibiti ni 2.3 kwenye sifuri na 2.4 hivi kwenye 26. Karibu sawasawa. Probu inayoharibika kwa unyevu haifanyi hivyo, ingekosea kidogo huku na sana kule. @FundiRedio?

FundiRedio
Sahihi kabisa. @NkejjeWaNtinda waya wa probu ya joto una waya ndogo ngapi ndani, mbili au tatu?

NkejjeWaNtinda
Mbili.

FundiRedio
Basi huenda ni thamista (kipande ambacho ukinzani wake hubadilika na joto) ya kiloomu 10, japo sensa ya kidijiti nayo inaweza kuunganishwa kwa waya mbili. Kama ni thamista: waya ukiingiza maji, ukinzani unavuja sambamba, na kosa huwa kubwa zaidi kwenye baridi, kwa sababu pale thamista ina zaidi ya kiloomu 30 na uvujaji unaonekana sana. Ungeona nyuzi tano au sita kwenye barafu. Wengine hubadilisha probu wakaweka yenye namba tofauti ya B (inayoonyesha ukinzani unavyobadilika na joto), 3435 badala ya 3950. Hiyo nayo haifai hapa, kwa sababu aina zote mbili hukutana kwenye nyuzi 25, kosa lingekuwa karibu sifuri kwenye tangi lako.

Kosa linalolingana kila mahali linanuka menyu. Vidhibiti hivi vina sehemu ya kuongeza au kupunguza nyuzi kwa mkono. Mwenye nacho wa kwanza aliweka +2 na kitu.

NkejjeWaNtinda
Kitabu chake ni cha Kichina mwanzo mwisho. Nimebonyeza kitufe cha katikati mpaka kikaanza kulia, nikaogopa nikakiacha.

DadaWaEntebbe
Kulia kwa furaha au kwa uchungu?

Busia_Mpakani
Au kidhibiti chenyewe kinapata joto ndani, saketi inahama. Changu kilikuwa hivyo, kikiwa kimefungwa juu ya kifuniko cha taa kinasoma juu, nikikitundika ukutani kinashuka. Si lazima iwe menyu.

FundiRedio
Kwa nyuzi mbili nzima? Sijawahi kuona. Ila kitundike ukutani tuone, haigharimu kitu.

MwalimuKemia
Sasa pH. Una bafa, yaani myeyusho wenye pH inayojulikana?

NkejjeWaNtinda
Nina pakiti za unga zilizokuja na kalamu, 4.01 na 6.86. Nimezikoroga leo, kila moja kwenye mililita 250 za maji yaliyokenekwa ya kuongezea kwenye betri. Hita ikiwa imechomolewa:

Kidhibiti kwenye 6.86 kinasoma 6.6, kwenye 4.01 kinasoma 4.2.
Kalamu kwenye 6.86 inasoma 7.0, kwenye 4.01 inasoma 4.1.

Nesi_Mulago_Zamani
Wanaosoma baadaye wazingatie: petroli stesheni ukisema "maji ya betri" unaweza kupewa asidi. Soma chupa.

MwalimuKemia
Asante kwa namba safi. Umbali wa bafa mbili ni 2.85. Kidhibiti chako kinaona 2.4. Mteremko wake ni asilimia 84. Elektrodi nzuri inakaa juu ya 95. Kwa hiyo SimbaWaMbale hajakosea sana, imezeeka, au kidhibiti kilisawazishwa vibaya na aliyekiuza. Ukigeuza hesabu, somo la 6.9 bila hita ni pH ya kweli ya kama 7.2.

Kalamu nayo inazidisha 0.14 kwenye 6.86. Hilo linanuka kitu kimoja: iliwahi kusawazishwa ndani ya 6.86 huku yenyewe ikidhani ni 7.00. Kalamu nyingine hutambua bafa zenyewe na zinaijua 7.00 peke yake. Ondoa 0.14 kwenye 7.5, unabaki na 7.36.

SimbaWaMbale
"Hajakosea sana." Naomba hiyo iwekwe kwenye fremu.

Kigoma_Tropheus
7.2 na 7.36 bado si moja. Nadhani ni maji laini tu, kila elektrodi inayumba kivyake.

Mvuvi_Jinja
Au saa. Mimea usiku inatoa hewa ya ukaa, pH inashuka mpaka alfajiri, kisha taa ikiwaka inapanda mpaka jioni. Kwenye maji yenye alkali chache kama ya kwetu, kupanda na kushuka kwa nusu pH kwa siku si ajabu. Kalamu ya saa nne na kidhibiti cha baada ya barafu na kuhangaika si maji yaleyale. Pima asubuhi na jioni.

Kigoma_Tropheus
Vyote vilisomwa saa nne pamoja mwanzoni, soma juu.

Mvuvi_Jinja
6.4 ndiyo ilisomwa saa nne. Hiyo 6.9 imekuja baadaye. Soma juu na wewe 😄

Boda_wa_Samaki
Si achote maji kwenye kikombe apimie nje ya tangi, umeme usimsumbue?

MwalimuKemia
Safari hii uko sawa @Boda_wa_Samaki, ila apime hapohapo. Maji yakikaa kikombeni hewa ya ukaa inatoka na pH inapanda yenyewe.

DadaWaEntebbe
Matone yalisema 7.0 mpaka 7.4 tangu mwanzo. Chupa ya bei ya soda imewashinda wote.

MwalimuKemia
Kwenye eneo hili yanaaminika. Ila yale ya rangi ya njano hadi bluu yanaishia 7.6. Maji yakiwa 8.3 bado yatakuambia 7.6, na watu hulala usingizi mnono. Na tofauti hiyo si mchezo: katika nyuzi 25, kwenye pH 7 amonia yenye sumu ni kama 0.6 kwa mia ya amonia yote. Kwenye pH 8 ni zaidi ya 5.

MzeeWaBwaise
Swali la pembeni. Mleta mada, wewe ni wa ukoo gani? Kama ni wa Nkejje, kuwafunga mababu kwenye kioo cha sebuleni mzee wa ukoo anajua?

NkejjeWaNtinda
Mimi ni Mamba, yaani samaki kamongo, mzee. Wa kwangu ndiye anayewala hawa.

MzeeWaBwaise
Basi wanakula vizuri kwa sababu wanakuogopa.

Umeme_Jua_Lira
Bibi yangu alikuwa anasaga nkejje waliokauka anawapa watoto waliokonda. Hakupima pH hata mara moja.

Busia_Mpakani
Wa kukaushwa hawana haja na pH ndugu.

NkejjeWaNtinda
Hita nimeitoa, nimeikausha. Ufa siuoni. Kidhibiti nimekitundika ukutani kama alivyosema Busia: 28.3. Kimeshuka 0.2, sijui nifurahi au vipi. Kalamu nitaisawazisha kwa bafa mpya ya 7.00 nikiipata mjini. Probu ya pH bei yake inakaribia nusu ya kidhibiti kizima, nasubiri kwanza.

FundiRedio
Iloweshe hiyo uliyonayo usiku kucha kwenye myeyusho wa kloridi ya potasiamu, molari 3, gramu 22 hivi kwenye mililita 100. Usiiweke kwenye maji yaliyokenekwa, yananyonya chumvi ya ndani. Wakati mwingine mteremko unarudi kidogo. Na hita, hata bila ufa, usiirudishe.

SimbaWaMbale
Usiloweshe maiti.

KabaleBaridi
Hiyo hita kama unaitupa, naomba iletwe Kabale. Nitaijaribu na swichi ya miliampea 30 kama alivyosema Fundi.

FundiRedio
@KabaleBaridi hapana!

KabaleBaridi
Basi nitumie guppy.